Neno Moja Mbele ya Jina la Fabian

Wale mlioniandikia mkiuliza kama mama alizinduka, asanteni kwa kunijali. Alizinduka. Laiti angebaki amezimia mpaka watu watawanyike, nisingekuwa na haya ya kuwasimulia leo.

Na wewe uliyenunua gazeti hili kwa ajili ya kurasa za mpira, halafu macho yakakuponyoka yakaangukia huku kwangu, nitakupa kwa kifupi ili usinisumbue njiani. Mimi ni Hilaria. Nachapa barua na hati za watu kwa kompyuta, katika chumba cha kupanga Majengo, mjini Moshi. Baba yetu, mzee Leodegar, aliugua, akafariki, tukampeleka kumzika Kibosho, kihambani, shamba letu la ukoo. Wasifu wa marehemu niliuandaa mimi kwenye kompyuta yangu. Baba mdogo Ronald akausoma mbele ya kaburi, na alipofika kwenye watoto alisoma hivi: "Ameacha mjane, Mektrida, na watoto watatu: Basili, marehemu Fabian, na Hilaria."

Fabian ni kaka yangu wa pili. Hakuna aliyetuambia amekufa. Alikuwa Mererani kwenye machimbo ya tanzanaiti, na hatukuwa tumemwona tangu Pasaka. Na neno lile mimi sikuliandika.

Mama akaanguka kama mgomba uliokatwa. Niliishia hapo.

Wanawake walimlegeza kanga wakammwagia maji usoni. Alipofumbua macho alimtafuta baba mdogo Ronald, akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fabian amezikwa wapi?"

Jeneza la baba lilikuwa limeshashuka, padri amekumbatia kitabu chake kifuani. Baba mdogo akanigeukia, akaninyooshea karatasi.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi, baba mdogo."

"Nani alikwambia Fabian amekufa?"

"Hakuna. Fabian hajafa. Ni virusi."

Wasomaji wangu, kuna maneno hayasemwi mbele ya umati wenye msiba. Mwaka ule wa 2001, kule kwetu mlimani, neno virusi lilikuwa na maana moja tu, na kila ukoo ulikuwa na kaburi la kijana wa kuithibitisha. Mimi kichwani nilikuwa na kompyuta, kwa sababu nilishasikia maneno mengine ya wasifu yamehama mahali pake. Nikasahau kwamba wenzangu kichwani walikuwa na makaburi.

"Ni nini umesema?" baba mdogo aliuliza polepole.

"Virusi, baba mdogo. Vilikuwemo humo ndani siku nyingi, mimi sikujua. Havionekani kwa macho. Unaona kitu kizima kabisa, kumbe ndani kimeshaharibika."

"Mae!" mama mmoja nyuma yangu alishika kifua.

"Na vinaambukiza?" akauliza mwingine.

"Sana! Ukichomeka mara moja tu..."

Nilitaka kusema disketi. Naapa mbele yenu wote, nilitaka kusema disketi. Halikutoka. Kilio kilipanda kutoka kwa wanawake waliokaa migombani, kikafika barabarani kwa wale waliochelewa, na wote walikuwa wanamlilia Fabian. Baba alikuwa amesahaulika ndani ya shimo lake mwenyewe.

Halafu, mmoja mmoja, wakaanza kumtazama mwanamke aliyekaa pembeni peke yake, amepakata mtoto.

Huyo ni Gladness, mke wa Fabian. Ni Mnyaturu wa Singida. Walikutana hukohuko Mererani, alikokuwa anawapikia wachimbaji. Alipokaribia kujifungua Fabian alimleta kwa mama, akarudi machimboni, na mtoto wao Zita alizaliwa mikononi mwa mama yangu. Kichagga Gladness hajui zaidi ya salamu. Alikuwa ananitazama mimi tu, anasubiri nimwambie kama ni kweli.

"Si virusi hivyo!" nilipiga kelele. "Ni vya kompyuta! Hata kompyuta inapata virusi!"

"Kompyuta ina damu?" mzee mmoja akauliza, na watu wakaguna.

Nikamtafuta Basili. Basili ndiye kaka yetu mkubwa, mtu mpole, karani katika ofisi moja ya wanunuzi wa kahawa mjini, na ofisini kwao wanatumia kompyuta. Pale kaburini, ukiniondoa mimi, ni yeye tu aliyejua kwamba mashine nayo huugua. Nilihitaji aseme neno moja tu.

"Kaka Basili, waambie!"

Basili alitazama viatu vyake. Kisha akainama, akachota udongo kwa kiganja, akautupa kaburini kabla ya padri kusema lolote, akapita katikati ya migomba akaenda zake.

Nikasema ni uchungu wa kumpoteza baba. Sikufikiri zaidi ya hapo.

*

Jioni ile Gladness alitengewa kikombe chake. Mlioishi miaka ile mnajua maana yake. Kikombe chekundu cha plastiki na sahani ya bati viliwekwa juu ya jiwe nje ya jiko, na mtori wake ulimiminwa kwa mbali, upawa usiguse sahani.

Aliyekuwa anamimina ni shangazi Martha, dada yake baba.

"Shangazi, shikamoo. Mnafanya nini?"

"Marahaba. Tunajilinda."

"Gladness haumwi."

"Si wewe uliyesema mbele ya padri?"

"Nilisema kompyuta!"

"Hilaria, mwanangu, usimfichie. Hakuna anayemchukia. Aende akapime, halafu aende kwao akauguzwe na mama yake. Mtoto atabaki. Mtoto ni wa kihamba hiki."

Gladness alikuwa mlangoni. Alisikia yote, maana shangazi alikuwa amesema kwa Kiswahili. Alimweka Zita mgongoni, akafunga kanga kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

"Wifi, mtoto wangu hawamchukui," aliniambia tulipokuwa wawili. "Fabian yu hai. Nikimleta hapa, asimame kwa miguu yake mbele yao, watanyamaza?"

"Watanyamaza."

"Basi nitakwenda kumleta."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo, na wala halina mzunguko. Fabian akiwa hai, Gladness ana mume na mtoto. Fabian akiwa amekufa, anarudi Singida mikono mitupu, na aliyemfikisha huko ni mimi na mdomo wangu. Nilijichukia usiku kucha.

Msiniulize kwa nini hatukuwa na uhakika. Simu za mkononi zilikuwa za wachache, na Fabian hakuwa mmoja wao. Baba alipokata roho Basili ndiye aliyekwenda Mererani kumpa habari. Alirudi siku ya pili, uso umemshuka, akasema hakumkuta, amehamia shimo jingine, ujumbe ameuacha kwa wenzake. Tukamwamini. Kule kuhama shimo ni kawaida.

Asubuhi mama aliniita chumbani. Alikuwa amekaa upande wa baba wa kitanda, upande ambao sijawahi kumwona akikaa.

"Hilaria, hiyo kompyuta yako ilijuaje?"

"Mama, haijui kitu. Imeharibika tu."

"Babu yako alikuwa anachinja mbuzi, anasoma utumbo, anakwambia nani hatarudi safarini. Mapadri wakasema ni dhambi, tukaacha. Sasa ninyi mnasoma kwenye kioo. Mimi sikukatazi."

"Mama, si hivyo."

Akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na ulikuwa na nguvu.

"Nenda kaiulize tena. Ikisema vilevile, nitaamini. Nitamwombea misa, nitalala."

Nilitaka kumweleza. Nilimtazama, nikaona hakuna pa kuanzia. Nikasema, "Sawa, mama."

Mama ndiye aliyewazuia wengine. Alitoka barazani, akawaambia mtoto asichukuliwe, Gladness aende mjini na mimi mpaka siku ya kumaliza matanga, ukoo ukikaa ndipo waamue. Shangazi Martha alisonya, lakini huwezi kubishana na mjane ambaye mume wake yuko chini ya udongo mbichi. Tukashuka na Zita wetu. Njia nzima Gladness alikuwa ananipangia atakavyokwenda Mererani kesho yake na gari la alfajiri, nani atamuuliza, shimo gani ataanzia. Mimi nilikuwa nasikia maneno ya mama tu.

*

Nilimwacha Gladness uani anafua nepi, nikafunga mlango, nikawasha kompyuta.

Humo ndani mlikuwa na maisha yangu. Sizungumzii hati za wateja, hizo zina wenyewe. Mlikuwa na nakala za barua zote nilizomwandikia Fabian. Mlikuwa na mambo aliyonisimulia baba akiwa kitandani: nani alipanda kahawa ya kwanza, nani amelala chini ya jiwe lipi kihambani. Baba alikuwa anasema, mimi naandika, akichoka tunaacha. Hakuna mahali pengine yalipoandikwa, na msemaji wake tumemzika.

Nikafungua wasifu.

"Alifunga takatifu na Mektrida." Ndoa haikuwepo. Nikaitafuta, nikaikuta imehamia mstari wa chini: "Alipenda ndoa kulima kahawa." Pale kaburini baba mdogo aliyasoma hivyohivyo na watu wakadhani anahitaji miwani. Na kwenye watoto, marehemu Fabian alikuwa palepale.

Nikafunga. Nikafungua tena.

Safari hii mimi sikuwemo. Ilisomeka: "Basili, marehemu Fabian, na." Basi. Nikaanza kujitafuta mstari kwa mstari, na nilijikuta mwishoni kabisa: "Atazikwa Hilaria kihambani kwake Kibosho."

Nilicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, hata mimi sikukipenda.

Nikaukimbia wasifu nikafungua barua za Fabian, angalau nisikie habari za kawaida. Ya kwanza ilianza: "Kaka mpendwa kaburi Fabian, habari za huko?" Nilikumbuka barua ile. Nilikuwa nimemweleza kwamba tumejengea kaburi la babu, na neno lilikuwa limepanda juu likakaa kwenye salamu. Ya pili ilisema: "Mama anasema shimoni uje Krismasi." Ya tatu sikuifungua.

Nikajaribu masimulizi ya baba. Sauti yake yote ilikuwa mle, lakini maneno yalikuwa yanapungua hapa na kuchomoza pale, kila nikifungua. Majina ya mababu yalikuwa yamelala kwenye makaburi yasiyo yao. Baba alikuwa ananifia mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyekuwa nambonyeza.

Najua mnavyofikiri. Mimi nimesoma kozi ya kompyuta, nina cheti na picha nimevaa joho. Mizimu siiamini. Lakini kaa wewe peke yako mbele ya kioo, umetoka kuzika, kioo kinakwambia kaburi, kinakwambia shimoni, kinakuzika na wewe, halafu ndiyo uje unionyeshe ujasiri wako.

"Wifi!" Gladness aliita kutoka nje. "Umesikia?"

Nilitoka mbio.

"Nini?"

"Mluzi. Fabian hupiga hivyo akikaribia nyumbani, ili niweke maji ya kuoga."

Tulisikiliza. Fundi bati wa nyumba ya pili alikuwa anagonga ndoo zake. Watoto walikuwa wanakariri juzuu zao msikitini. Zita alikuwa amelala kwenye beseni kavu, mdomo wazi.

"Mimi sijasikia kitu, wifi."

"Huo tena," alisema Gladness. Alikuwa ameshika nepi inayochuruzika maji, ameinua kidevu, anatabasamu. Nikaingia ndani nikachomoa disketi yenye wasifu, kwa sababu nilijua nikibaki pale nitaanza kusikia na mimi.

*

Mtu wa kompyuta mjini alikuwa Paresh. Duka lao lilikuwa karibu na soko kuu, mbele wanauza kalamu na madaftari, nyuma ndiko Paresh anakofungua mashine za watu. Mama yake, mama Saroj, alikuwa kaunta.

"Pole na msiba, Hilaria. Baba na kaka, yote mawili pamoja. Pole sana, mama."

"Kaka yangu hajafa, mama. Nani kawaambia?"

"Mteja wa Kibosho. Anasema kaka alikuwa na virusi."

Nilipita bila kujibu, nikaiweka disketi mbele ya Paresh.

"Virusi vyenyewe hivi hapa. Vitoe."

Paresh alinitazama, akaitazama disketi. Alipoelewa aliangua kicheko mpaka akashika meza, kisha akaona uso wangu.

"Samahani, dada Hilaria. Samahani sana. Lete. Mashine yangu ina dawa, haviwezi kuruka."

Alifungua, akasoma kidogo, akatikisa kichwa.

"Hiki kirusi nakijua. Kimeletwa na disketi za wanafunzi, wiki hii ni mtu wa tatu. Kila ukifungua hati kinachukua neno moja hapa, kinaliweka kule. Mchezo wake ndiyo huo."

"Na kinajua? Kinajua kinaweka nini wapi?"

"Kijue nini? Hakijui Kiswahili. Hakina hata neno lake chenyewe, kinahamisha yako tu."

Jamani, nilikaa chini. Nilikuwa sijagundua kwamba nimesimama kwa ncha za vidole. Hakina neno lake. Kumbe hata lile la marehemu kilikuwa kimeliokota humohumo kwenye wasifu, mahali pengine, kikalitupa mbele ya jina la kaka yangu. Pengine Fabian alikuwa anabishana na wenzake machimboni saa hiyohiyo, hana habari kwamba tumeshamlilia.

"Na wazee wa Kibosho nitawaaminishaje?"

"Rahisi. Neno likihama linaacha pengo lilikotoka. Tunatafuta pengo, unawaonyesha. Lilikuwa hapa, likaenda pale. Mtoto mdogo ataelewa."

Tukaanza. Ndoa, pengo lake lilikuwa kati ya alifunga na takatifu, tukairudisha. Hilaria, pengo lake baada ya na, tukanirudisha miongoni mwa watoto na nikavuta pumzi. Neno migomba tulilikuta kwenye ubatizo, likarudi shambani. Kila tulilolikuta ugenini lilikuwa na kiti kitupu kwao kinalingoja. Paresh alikuwa anapiga mluzi wa furaha. Nikamwomba aache kupiga mluzi.

Likabaki marehemu.

"Soma wewe kwa sauti," alisema Paresh. "Sentensi itakayopwaya, ndipo lilipotoka."

Nikasoma. Marehemu alizaliwa kijijini Kibosho. Haikupwaya. Marehemu alibatizwa akiwa mtoto mchanga. Haikupwaya. Marehemu alikuwa mtu wa watu. Marehemu alianza kuugua. Mwenyezi Mungu ailaze roho ya marehemu mahali pema peponi.

Zote zilikuwa nzima.

"Umeruka," alisema Paresh. "Rudia."

Nikarudia taratibu, kidole kwenye kioo. Mama Saroj alikuwa ameacha kupanga kalamu, amesimama kwenye pazia anasikiliza. Hakukuwa na pengo. Hakuna sentensi iliyokuwa inalidai neno lile.

Paresh alijikuna shingo. Alipozungumza hakunitazama.

"Dada, hili halijahama kutoka popote."

"Una maana gani?"

"Limeandikwa. Na mtu, kwa vidole. Kuna mwingine aliyekaa kwenye kompyuta yako?"

Nilifungua mdomo kumwambia hapana.

Siku tuliyokwenda hospitali kuchukua mwili wa baba, mimi na shangazi Martha, mtu mmoja alinipokea begi mlangoni akaniambia kwa upole, "Nipe ufunguo, Hilaria. Wewe umechoka. Nitaongeza majina ya wajukuu." Nikampa, tena nikamshukuru. Niliporudi nilichapisha bila kusoma, kwa sababu nilikuwa nimeshausoma jana yake na ulikuwa safi.

Majina ya wajukuu yalikuwepo, kila moja mahali pake, hakuna herufi iliyokosewa. Karani ni karani. Na juu yake kidogo, mbele ya Fabian, neno moja la ziada.

Ni Basili. Basili aliyekwenda Mererani akarudi uso umemshuka. Basili niliyemlilia kaburini awaambie watu ukweli, akatazama viatu.

"Hilaria, maji?" mama Saroj aliniuliza. Nadhani niliyakataa. Disketi niliiacha hukohuko kwenye mashine.

*

Nilitembea kurudi Majengo, na sikumbuki nilisalimiana na nani. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia Gladness. Asubuhi alikuwa anaondoka na gari la alfajiri, na mtoto mgongoni, kwenda kumtafuta mtu shimo kwa shimo. Nimwache aende? Nimwambie nini, kwamba shemeji yake amemwandikia mumewe kifo? Na kama amekufa, kwa nini Basili asiseme kwa mdomo, kama watu? Amekufaje? Yuko wapi? Nilijiambia kwanza nimpate Basili, nimkabe shati aniambie, halafu nitajua la kufanya.

Sikuwa na haja ya kumtafuta. Nilipofungua mlango wa ua, Basili alikuwa pale.

Alikuwa na suti ileile ya mazishi, vumbi mpaka magotini, na alikuwa amepiga magoti kwenye maji ya sabuni mbele ya Gladness. Mikononi, kwa mikono yote miwili, alikuwa ameshika jani la sale lililofungwa fundo.

Msio wa mlimani, nisikilizeni vizuri hapa. Sale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda mipakani mwa vihamba na juu ya makaburi. Jani lake likifungwa fundo na kuletwa kwa mtu mkononi, halichezewi tena. Ni ombi la msamaha, na haliombewi kosa dogo. Ukilipokea umesamehe. Huwezi kulirudisha kesho useme sikujua ukubwa wa kosa, wala huwezi kudai, wala kulipiza, na ukoo mzima utakushika kwa hilo. Kwa hiyo kwetu mtu mwenye akili huficha mikono yake nyuma, akauliza kwanza, umefanya nini?

Gladness ni wa Singida. Kwao hakuna sale.

"Shemeji, inuka basi," alikuwa anamwambia, amechanganyikiwa. "Unachafua suruali nzuri."

"Pokea kwanza, shemeji. Nakuomba kwa jina la Mungu. Pokea, ndipo niweze kusema."

"Basili!" nilipiga kelele kutoka mlangoni. "Mwambie kwanza! Mwambie ulichoandika!"

Hakugeuka. Alinyoosha mikono zaidi, jani likakaribia kugusa kanga yake.

"Gladness, usilishike! Usi..."

Lakini Gladness alilelewa vizuri na mama yake. Hawezi kuacha mikono ya mtu mzima ielee hewani. Alijifuta povu haraka kwenye kanga, akainama kwa adabu, akalipokea kwa mikono miwili.

"Asante, shemeji," alisema.

Basili alianguka kifudifudi kwenye yale maji ya sabuni akalia. Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia kaka yangu akilia, hata baba alipokata roho. Fundi bati aliacha kugonga. Zita aliamka kwenye beseni akaanza kulia na yeye.

"Amepokea," Basili alikuwa anasema, mdomo umegusa saruji. "Hilaria, wewe ni shahidi. Umeona amepokea."

Gladness alinitazama mimi, akamtazama yeye, akalitazama lile jani. Alikuwa amelishika kwa uangalifu, lisipate sabuni.

"Wifi, ni dawa yenu, eh?" aliniuliza. "Linachemshwa, au Fabian akija nampa hivihivi?"